Safari Isiyo ya Kilio

Kwetu Lubumbashi, mtu akikuona asubuhi na valizi mkononi, hakuulizi kwanza unakwenda wapi. Anauliza: "Nani alikufa?" Ukijibu kwamba hakuna aliyekufa, atauliza kama kuna ndoa, kama kuna mgonjwa, ao kama unakwenda kuchukua bidhaa Kasumbalesa. Ukimwambia kwamba unakwenda kutembea tu, wewe na bibi yako, ku nchi ya wengine, atanyamaza kidogo, kisha atasema: "Aa! Muko na falanga." Na maneno hayo si sifa.

Wasomaji wapenzi, tunaandika mambo haya sisi wawili, mume na mke, juu ya safari yetu ya kwanza ya inje, ile tuliyofanya mu likizo kubwa ya mwaka 2018: kwa motokari kutoka hapa mpaka Ndola, na kwa treni kutoka Kapiri Mposhi mpaka Dar es Salaam. Safari yenyewe hatutaisimulia sana. Tunataka kueleza namna tulivyoitayarisha, kwa sababu katika matayarisho njo tulikutana na desturi zetu, na kidogo tu tungezikimbia.

Tulioana mwaka 2006. Mmoja wetu anafundisha jeografia mu sekondari, mwingine anashika duka dogo la dawa mu komini ya Kamalondo. Kwa miaka 12 tulikuwa tumesafiri pamoja mara nyingi: Likasi, Kolwezi, Kipushi, mara moja mpaka Kamina. Siku moja tulikaa tukazihesabu safari hizo. Zote zilikuwa za kilio, isipokuwa mbili za ndoa. Tulijua vizuri namna ya kufika usiku, kulala chini, kutoa mchango na kurudi kesho yake na macho mekundu. Namna ya kukaa wawili ndani ya treni, hatuna haraka, hatuna maiti inayotungoja, hiyo hatukuijua.

Na hata hivyo mji wetu ni wa wasafiri. Kabla ya reli, Bayeke walikuwa wametoka Unyamwezi, katika nchi inayoitwa leo Tanzania, wakifuata shaba ya Katanga, na M'siri akajenga utawala wake kule Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891. Kisha ikaja reli. Ilitoka kusini, ikapitia Sakania, ikafika hapa mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa kwa jina la Elisabethville. Mwaka 1928 reli ilifika Ilebo, iliyoitwa wakati ule Port-Francqui. Mwaka 1931 ilifika Dilolo na kuungana na ile ya Benguela inayokwenda Lobito. Mwaka 1956 kipande cha Kamina mpaka Kabalo kikafungua njia ya Kalemie, na kule ziwani mtu anaweza kuvuka mpaka Kigoma. Shaba yetu ilipata njia nyingi za kwenda baharini. Wazee walioichimba na kuipakia, wengi wao walizeeka bila kuiona hiyo bahari.

Babu zetu wenyewe walikuja hapa kwa treni, mmoja kutoka Kasai, mwingine kutoka upande wa Luapula, kutafuta kazi mu Union Minière na mu reli. Walikuja kazini, hawakuja kutembea. Na mwaka 1992 na 1993, wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa katika Katanga, tuliona ao tulisikia majirani waliokaa majuma mengi ku stesheni ya Likasi na ya Kolwezi, na watoto, na masufuria, wakingoja treni ya kuwapeleka ku nchi ambayo wengine wao hawakuwahi kuiona. Kwa hiyo msishangae mzee akisikia neno "treni" na uso wake ukabadilika. Kwetu treni ni ya kazi, ni ya kufukuzwa, ni ya kwenda kuzika. Nani angefikiri kuipanda kwa furaha?

Wazo lilitoka kwa mwanafunzi. Kila mwaka mwalimu wa nyumba yetu alikuwa anafundisha somo la reli ya Tazara. Alieleza namna Zambia, isiyo na bahari, ilivyotafuta njia ya kutoa shaba yake bila kupitia kwa wazungu wa Rhodesia. Alieleza namna Tanzania na Zambia zilivyosaidiwa na China, namna kazi ilivyoanza mwaka 1970 na reli kufika mwisho mwaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi mpaka Dar es Salaam, na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Aliandika tarehe ubaoni kama mtu aliyeshuhudia. Siku moja kijana wa nyuma aliinua mkono: "Profesa, mulishaipanda?" Darasa lote likacheka. Usiku ule tuliongea mpaka saa sita. Kutoka hapa mpaka Kapiri Mposhi ni kama kilomita 350. Watu wanafundisha mambo ya Ulaya ambako hawatafika, hiyo tunaielewa. Lakini kitu kilicho karibu hivi?

Basi tukaanza, na tukaanza kwa siri.

Hapa lazima tueleze vizuri, kwani wasomaji wetu vijana wanaona siri hiyo kama desturi ya wazee, na sivyo. Mu mji wetu wanasema safari haitangazwe. Mtu anapata viza, hata ndugu wa tumbo moja hajui. Wanamuona tu hayuko, kisha simu inaita kutoka mbali. Sababu zinazotolewa ni mbili. Ya kwanza ni hofu ya wivu na ya bulozi: ukisema, watakufungia njia. Ya pili, hiyo hawaisemi kwa sauti: ukisema, watakuja kuomba. Sisi tulijidanganya kwamba ni ile ya kwanza. Kweli ilikuwa ya pili.

Tuliingia mu likelemba ya watu 12, na zamu yetu ilipofika tulizitia kando bila kununua hata kiti. Tukaanza na pasiporti. Mu miaka ile pasiporti ya Kongo ilikuwa inauzwa dola 185, kwa hiyo mbili zilikula dola 370 kabla hatujapiga hata hatua moja. Tukaenda ku konsula ya Zambia humu mjini kuuliza masharti, na kwa upande wa Tanzania tukauliza mapema vilevile, maana hatukutaka kujifunza sheria tukiwa mbele ya polisi wa mpaka. Tukatafuta kadi za manjano, na tukagundua kwamba ni mbili zenye jina moja. Moja ni ya mwili, ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu mwaka 2016 inakubaliwa kwa maisha yote. Nyingine ni ya motokari, asiransi ya nchi za Comesa, inayomlinda mtu akigonga ao akigongwa inje ya nchi yake. Kwa juma nzima kila mmoja wetu alikuwa anamuuliza mwenzake, "Kadi ya manjano iko wapi?" na mwingine anamletea ile isiyotakiwa.

Motokari yetu ni ya Kijapani, nzee, na usukani wake uko upande wa kuume, kama nyingi za humu mjini. Kongo tunatembeza kuume, Zambia wanatembeza kushoto. Fundi alituambia akicheka: "Hii motokari yenu, siku itavuka Kasumbalesa, njo itafika kwao." Kwa miaka yote tulikuwa tunapita malori kwa kubahatisha, yule wa kiti cha kushoto akimwambia dereva: "Pita! Hapana, ngoja!" Sasa ingepata nchi ya kuifaa. Mwenye kuendesha ilibidi ajizoeze kwa kichwa kila jioni: rompwe unaizunguka ukienda kushoto, unatazama kwanza kuume.

Mpango ulikuwa huu: siku ya kwanza Lubumbashi, Kasumbalesa, Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola. Kule Ndola anakaa mama mdogo wa upande wa mke, wa kabila la Babemba, kwani mpaka uliowekwa na wazungu ulikata ukoo lakini haukukata udugu. Motokari tungeiacha kwake, na kupanda busi mpaka Kapiri Mposhi. Treni zilikuwa mbili kwa juma, moja ya haraka na moja ya kawaida, na njia yote inachukua kama siku mbili ao zaidi. Tulijiwekea siku mbili za akiba mwanzoni na mbili mwishoni, maana reli ya njia moja ni kama mlango wa nyumba ya kilio: mmoja akisimama, wote nyuma wanasimama.

Ikabaki swala la vitanda. Katika treni ile, chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha daraja la pili kina sita, na wanaume wanalala mbali na wanawake. Mume na mke wakitaka kulala pamoja, wananunua chumba kizima. Tulipiga hesabu, tukaumia, tukakubali: tutanunua vitanda vinne kwa watu wawili. Ilikuwa safari yetu ya kwanza. Na tukaongeza siku tatu za Zanzibar kwa mashua.

Yote hayo, hakuna mtu alijua. Lakini tuna watoto watatu, na watoto hawafichwi mu sanduku. Lazima wakae kwa nyanya yao. Jumapili moja ya mwezi wa tano tukaenda Katuba, kwa mama mzazi wa mume. Tulileta nyama na sukari. Mama akatazama sukari, akatutazama.

"Nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa, mama. Tunataka kwenda Tanzania mu likizo. Majuma mbili."

"Kufanya nini?"

"Kutembea tu, mama."

"Kutembea njo kazi?" Akaweka sukari chini. "Mutoto wa ndugu yenu alifukuzwa ku masomo juu ya minervali. Kaburi ya baba yenu, munaipita kila mwaka, iko paka udongo. Falanga ya ile haiko. Ya kutembea iko?"

Hatukuwa na jibu. Minervali ya yule mtoto tulikuwa tumesikia habari yake, tukasema tutaona. Simenti ya kaburi tulikuwa tumeiahidi mwaka 2015, siku ya kuondoa kilio, mbele ya watu wote. Tulirudi Kamalondo bila kuongea. Tulikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu mama alikuwa na haki.

Sasa tunafika ku jambo tunaloona haya kuliandika. Usiku ule tulitafuta uongo. Tukasema: tumwambie mama kwamba mpango wa Tanzania umekufa, lakini kuna msiba Ndola. Kwa kilio hakuna mtu atauliza falanga imetoka wapi. Watatupa hata mchango! Tulianza kutafuta nani tutamuua kwa mdomo. Kulikuwa na nyanya mmoja wa ukoo, mzee sana, ambaye hakuna mtu wa Lubumbashi alikuwa amemuona kwa miaka mingi. Jina lake tulilitamka. Kisha mke akanyamaza, akasema: "Yule alinibeba." Tukazima taa.

Wazee wetu walikataza kutaja kifo cha mtu mzima kama mchezo, kwani neno linakwenda mbele ya mwenye kulisema. Hata asiyeogopa neno lenyewe, aogope kitu kingine: mtu akizoea kwamba njia pekee ya kupata ruhusa ya kutoka nyumbani ni maiti, atafika siku ya kuitamani.

Juma lililofuata mke akasema, "Twende kwa baba." Baba mkwe anakaa Kampemba. Alifanya kazi ya reli zaidi ya miaka 30, tangu wakati wa BCK mpaka wakati wa SNCC, na kwa muda mrefu alikuwa mtu wa stesheni. Kwa desturi yetu mkwe mwanamume hakai karibu sana na baba wa bibi yake wala hamtazami sana usoni; kwa hiyo mume alikaa ku kiti cha mlangoni, na binti njo aliyesema. Alieleza yote, na ya mama wa Katuba, na ya minervali, na ya kaburi. Hata ya nyanya wa Ndola alieleza. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakusema kitu juu ya falanga. Aliuliza:

"Ile reli, upana wake ni nini?"

Mume akajibu kutoka mlangoni: "Ni sawa na yetu, baba. Milimita 1,067."

"Kumbe! Basi behewa yetu inaweza kufika kule." Akafikiri. "Na stesheni ziko ngapi?"

Hatukujua. Mwalimu wa jeografia hakujua. Mzee akafunga macho, akaanza kuhesabu za kwake: Lubumbashi, Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, na katikati ya hayo majina makubwa akaweka vituo vidogo ambavyo sisi hatukuwahi kusikia. Alivitaja bila kukosa, kama watu wa kanisa wanavyotaja watakatifu. Alipofika mwisho akafungua macho.

"Mimi nilituma treni mu njia zote. Shaba yetu nyingine ilipita vilevile ku ile reli ya Zambia na Tanzania, lakini sikuiona. Mununue kaye. Muandike stesheni zote, moja moja, na saa ya kufika na saa ya kuondoka. Muniletee."

Kisha akageuka kwa mkwe wake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi: "Sasa hamuendi kutembea. Ninawatuma."

Tulirudi Katuba. Tulisema: "Mama, baba mukwe anatutuma Dar es Salaam." Mama akauliza anatutuma kuleta nini. Tukasema: majina. Alitutazama kama watu waliolewa, kisha akacheka mpaka akashika kifua. "Yule muzee na treni yake! Basi ni safari. Mutu akitumwa, anaenda."

Wasomaji wengine watasema kwamba hiyo ni hila tu, kwamba tulipata kisingizio kizuri kuliko kile cha kwanza. Tulifikiri hivyo sisi pia, siku mbili tatu. Lakini tofauti ni kubwa. Uongo wa kilio ungetutoa mu nyumba bila mtu kujua tuko wapi. Kutumwa kulitutoa mu nyumba na watu wakiwa nyuma yetu. Tulipoanza kufikiri hivyo, hatukuweza tena kuacha yale mengine. Tulilipa minervali ya mtoto, mwaka mzima. Tulinunua simenti, na vijana wa ukoo wakajenga kaburi Jumamosi mbili. Hakuna mtu alitulazimisha, na tusiseme kwamba ilikuwa rahisi. Tulichukua daftari ya hesabu, tukafuta Zanzibar. Tukafuta vitanda viwili kati ya vinne. Mke akasema: "Basi tutalala kama ku kilio, wanaume kule, wanawake huku." Tulicheka, lakini siyo sana.

Siri ilipoisha, maombi yakaja, kama tulivyoogopa. Shangazi alitaka kanga mbili za Dar es Salaam, zenye maandiko mazuri, siyo ya matusi. Jirani alitaka kujua bei ya motokari ya Japani ku bandari. Mchungaji wa mtaa alitaka kitabu cha nyimbo. Kijana mmoja alituomba tumsikilizie watu wa kule wanavyosema, kisha tumwambie kama Kiswahili chetu kweli ni kibaya. Hofu hiyo tulikuwa nayo sisi wenyewe. Kule wanakula ugali, sisi bukari. Sisi mke wa mtu ni bibi yake. Kule bibi ni nyanya. Mume alijizoeza kusema "mke wangu", asije akamtambulisha mwenzake kama mama wa baba yake. Tuliandika maombi yote mu kurasa za mwisho za daftari, na tukaona jambo ambalo hatukulitazamia: orodha ile ilikuwa imetupangia siku zetu. Kwa kanga, lazima kufika Kariakoo. Kwa bei ya motokari, lazima kuuliza watu wa bandarini. Bila maombi hayo tungekaa mu chumba cha hoteli, tukiona haya.

Jumamosi kabla ya kuondoka tukaaga. Watu wa pande zote mbili walikutana Katuba, pa nyumba ya mama. Tulipika bukari, samaki na sombe. Kisha wazee wakaongea, kila mmoja kwa namna yake. Kwa Baluba na Balunda, mpemba, ule udongo mweupe, ni alama ya usafi na ya baraka. Mtu anayeanza njia anapakwa, ili aende na moyo mweupe na arudi nao. Wakristo wengi wa leo hawaitaki tena, na siku ile palikuwa na wenye kuitaka na wenye kuikataa. Mchungaji akaomba Mungu. Akimaliza, mama akachovya kidole mu mpemba, akatupaka kidogo tu ku paji la uso, chini kidogo ya nywele, mahali ambapo asiyetaka kuona hakuona. Mchungaji alikuwa anatazama kuku. Ndugu wa upande wa Babemba wanaita baraka "mapalo", na walitupa kwa maneno. Baba mkwe hakusema sana. Alitoa saa yake ya mkono, ile ya kazi, akampa binti yake: "Saa ya simu inajibadilisha yenyewe ku mpaka. Hii haidanganyi. Kule wako mbele yetu saa moja. Uandike saa ya kwetu na ya kwao."

Wanawake walitufungia chakula cha njia: karanga za kukaanga, samaki wakavu, kikanda kilichokatwa vipande, maana hakiharibiki upesi, na chupa ya munkoyo ya siku ya kwanza. Mama akaongeza chumvi mu karatasi. Hatukuuliza ya nini.

Tuliondoka asubuhi ya mwezi wa saba, mu kipwa, wakati ule wa baridi kavu ambapo moshi wa makaa unakaa chini juu ya mtaa. Kasumbalesa malori yalikuwa yamejipanga mbali sana. Tulionyesha kadi za manjano, zote mbili, kila moja mahali pake. Ng'ambo, barabara ikahamia kushoto, na kwa mara ya kwanza dereva wetu aliweza kuona lori lote analotaka kulipita. Wa kiti cha pili hakuwa na kazi tena ya kusema pita, ngoja. Alifungua daftari akaandika: Kasumbalesa, saa nne na robo. Hiyo haikuwa stesheni, lakini mkono ulitaka kuanza.

Ndani ya treni tulilala mbalimbali, kila mmoja na wenzake, na mchana tulikutana mu behewa la chakula kama vijana wanaochumbiana. Serenje, Mpika, Kasama, Nakonde, Tunduma, Mbeya, Makambako, Mlimba, Ifakara, Kisaki: hayo ni makubwa tu. Madogo yote yamo mu daftari. Usiku tulipeana zamu: mmoja anaandika mu chumba cha wanaume mpaka saa saba, mwingine mu chumba cha wanawake mpaka asubuhi. Wanawake wale walimuuliza bibi anaandika nini. Aliwaambia ametumwa na baba yake. Hawakushangaa hata kidogo. Wakaanza kumwamsha wenyewe kila treni iliposimama.

Bahari tuliiona. Kanga tulileta. Chumvi ya mama ilitumika ku mayai ya Mpika.

Tuliporudi, baba mkwe alivaa miwani yake, akasoma daftari kutoka ukurasa wa kwanza, akifuata kwa kidole, kwa sauti, kila jina na saa yake. Ilichukua nusu ya mchana. Mahali pamoja, kati ya Makambako na Mlimba, kidole kikasimama. Akarudi nyuma, akasoma tena saa mbili zile, akahesabu kimya.

"Hapa ni mbali sana bila stesheni. Njia ni moja. Treni mbili zingekutana, zingepishana wapi?" Akatutazama juu ya miwani. "Hapa mulilala."

Tukakubali kwamba tulilala.

Akafunga daftari, akaiweka chini ya redio yake. "Basi mutarudi," akasema. "Na ile mara mununue vitanda vyote vinne. Mtu akilala peke yake, nani atamwamsha?"